Nilitumwa Kuuombea Mwaro, Nikaugawa

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitafutie kisingizio. Jina langu naliacha, ila wa kwetu Biharamulo wakisoma hapa watanijua tu. Acha wanijue.

Kwetu tunakula ugali wa muhogo, na mihogo yetu mingi ni ile michungu. Usipoiloweka vizuri inadhuru. Tangu enzi za bibi zetu kinamama waliitia kwenye magunia na kuyazamisha mwaroni, pale ufukweni mwa ziwa penye maji mafupi, jiwe juu yake, mpaka mihogo ilainike. Kila mama analijua jiwe lake. Na ile harufu, jamani! Sisi tumeshaizoea, lakini mgeni lazima azibe pua.

Mgeni mwenyewe akaja. Mwekezaji mmoja alitaka mwaro wetu ajenge gati la boti za kutembeza watalii ziwani, na mgahawa pembeni. Mtu mwenye adabu zake. Alimwamkia mama mkwe wangu shikamoo huku ameinama kabisa. Akala samaki wangu, akawasifu, akaniambia jiko la mgahawa litakuwa langu. Ila yale magunia, akasema, yatamfukuzia wateja.

Siku ya mkutano wa kijiji maofisa wa wilaya walikuwepo. Kinamama wakanichagua mimi niwasemee, kwa sababu nimesoma sekondari na Kiswahili changu kimenyooka. Wifi yangu ndiye aliyenipa ujumbe, kwa Kisubi, lugha yetu ya nyumbani: boti zikae upande wa mawe, sisi tuachiwe upande wa mchanga. Hawakumkataa mtu. Waliomba kipande tu.

Nikasimama, nikajitengeneza kanga, nikasema, "Kinamama hatuna shida na mwaro. Siku hizi tunaloweka nyumbani."

Nilisema hivyo! Kwa mdomo huu huu!

Mama mkwe, ambaye Kiswahili kinampita, alipiga makofi kuliko wote. Alifurahi kuona mke wa mwanawe anaongea na wakubwa bila kutetemeka. Wifi alielewa kila neno, na mikono yake ilibaki mapajani. Nadhani alishindwa kuniumbua mbele ya watu.

Uzio ukajengwa, geti likafungwa. Mimi nikawa mama wa jiko, aproni nyeupe, wageni wananisifia samaki. Nilijiona nimefika. Kinamama wenzangu wakaanza kuloweka mihogo kwenye mabeseni, maji ya kuteka kisimani, na kiangazi kilipokaza kisima nacho kikawa matope.

Mama mkwe alikuja getini mara moja na gunia lake kichwani. Akaniomba nimsemee kwa mlinzi alizamishe pembeni tu, mahali ambapo watu hawataliona. Nilimjibu kuwa leo wageni ni wengi, asubiri wiki ijayo. Alinishukuru, akageuka na gunia lake. Mpaka leo nikifumba macho namwona mgongo.

Akaloweka kwenye beseni, maji hayakufunika hata mihogo yenyewe. Unga ulipomwishia aliitoa kabla ya wakati, akaianika, akatwanga, akala. Usiku huo alitapika, kichwa kikamzunguka, akaishiwa nguvu. Tulimfikisha zahanati. Mganga akauliza amekula nini, wifi akamweleza. Hatukurudi naye akiwa hai.

Msibani wifi alinivuta kando. Hakunitukana. Alisema, "Wewe ndiye mwenye Kiswahili. Waambie watu mama amekufa na nini."

Nikasimama mbele ya jeneza, nikasema presha.

Tena nikadanganya! Mama amelala pale, na mimi nalinda jiko! Hapo ndipo nilipojiogopa. Sikuweza kula wala kukaa na watu, na mume wangu alipoujua ukweli alihamia chumba kingine. Bado yuko huko, na simlaumu.

Mkutano uliofuata nilisimama bila kuchaguliwa na mtu. Niliongea Kisubi, ili asiwepo mama wa kupiga makofi kwa kitu asichokielewa. Nikasema nilichotumwa, nilichosema, na kilichomuua mama. Jiko nikalirudisha. Baada ya mabishano marefu mwekezaji alikubali kuhamishia gati upande wa mawe, na uzio wa upande wa mchanga ukang'olewa. Kumbe iliwezekana tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mimi kusema nilichotumwa.

Ewe unayesoma, ukichaguliwa kuwasemea wenzako, sema walichokutuma, hata kama umeahidiwa nini. Wakikupigia makofi, hakikisha kwanza wameelewa.

Siku hizi nami naenda mchangani na gunia langu. Wenzangu wananisogezea nafasi, ingawa wifi bado hanisalimii. Jiwe la mama mkwe lipo pale pale majini. Jana nililikuta limesafishwa ukoga, nadhani ni mkono wa wifi, na halikuwa na gunia chini yake.