Sauti ya Saidi Ndani ya Kamera

Siku moja ambayo sitaisahau, mwanangu, nilikaa kwenye benchi la fundi simu pale Chuno, nikimtazama akifungua kamera ya marehemu mume wangu kwa bisibisi nyembamba kama sindano. Alipotoa mfuniko, harufu ya mafuta ya nazi yaliyovunda ikatupanda puani. Akasita. Akaitazama kamera, akanitazama mimi, akaniuliza kwa adabu zote, "Mama, samahani, hii mlikuwa mnapikia?"

Nilicheka kwa sababu sikujua la kufanya. Hata misibani huwa nacheka hivyohivyo, ndivyo nilivyoumbwa, na wapo walioninunia kwa ajili hiyo.

Wewe uliyezaliwa na simu mkononi hutanielewa upesi, basi nianze mbali kidogo. Mume wangu Saidi alikuwa mpiga picha. Kamera za dijitali zilipoingia Mtwara, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuwa nayo, kidude cha rangi ya fedha kinachoenea kiganjani. Wanawali wakitolewa unyagoni huko Ziwani, aliitwa yeye. Harusi za Mikindani, yeye. Lakini mpiga picha hana picha, mwanangu. Kila siku yuko nyuma ya kamera. Alituachia picha moja tu ya kitambulisho, amekunja uso kama mtu anayedaiwa.

Sauti yake ilibaki mahali pamoja. Mwanetu Rehema alipozaliwa, Saidi alimwadhinia sikioni, kama baba yeyote wa kwetu, nami nikamrekodi video kwa kamera ileile. Kadi alikuwa ameitoa kwa kazi za watu, kwa hiyo video ikaingia katika memori ya kamera yenyewe. Ni fupi mno. Ikabaki humo, maana kompyuta hatukuwa nayo, na tulidhani siku zipo.

Rehema alikuwa hajaota hata jino pikipiki ilipomuua baba yake kwenye barabara ya Mikindani.

Nikakaa eda. Wazee wakasema vitu vya marehemu visiguswe mpaka arobaini, na arobaini ilipopita vikagawiwa kama ilivyo desturi: kanzu kwa huyu, baiskeli kwa yule. Kamera ilikuwa chombo cha kazi, akapewa shemeji yangu Athumani aiendeleze kazi ya kaka yake. Ningesema nini mimi, mjane mbichi, nimejifunika nyeupe chumbani? Mficha uchi hazai, ndivyo wasemavyo, nami nilificha. Nilimwambia tu, "Shemeji, humo mna sauti ya kaka yako. Usiifute."

Hakuifuta. Maskini Athumani, aliitunza kuliko nilivyotarajia. Hata picha zilipoacha kumlipa, hakuiuza. Na kwa kuwa sisi watu wa pwani tunaijua chumvi ya hewa yetu inavyokula kufuli, cherehani na mnyororo wa baiskeli, kila Ijumaa akitoka msikitini aliipaka mafuta ya nazi. Alidondosha tone kwenye kile kimdomo kinachotoka na kuingia, akaifuta kwa kitambaa safi, akaifungia kabatini. Nami sikuwahi kuiomba niisikilize; nilijua imo, ikanitosha. Miaka yote hiyo, mwanangu, kwa mapenzi matupu, alikuwa akiiua.

Basi Rehema akapata mchumba. Harusi ikapangwa baada ya korosho kuuzwa, akaniambia, "Mama, siku ya nikaha nataka nimsikie baba. Mara moja tu." Nikaenda kwa Athumani, akanikabidhi kamera kwa mikono miwili. Kimdomo kimeganda, haiwaki.

Hapo ndipo nilipoanza kuzunguka. Fundi wa kwanza hakuishika hata kuishika. "Bibi, nunua simu, hizi zimeshakufa." Wa pili alisema betri yake haitengenezwi tena. Mwingine alitaka kunibadilishia kwa redio! Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikajiambia, nikaendelea kutembea juani na kidude changu ndani ya mkoba. Lakini wahunzi wenyewe wa chombo kile walikuwa wamekwisha, na sikuwa nimeambiwa.

Yule kijana wa Chuno ndiye aliyeifungua. Nilipomweleza kilichomo, aliacha utani, akazima na muziki wake. Akanionyesha ile bodi ya ndani, vumbi limenasa kwenye mafuta na kufanya tope, na chini ya tope kutu ya kijani.

"Mama, kama ingekuwa kwenye kadi, ningekutolea sasa hivi," akasema. "Hii imo kwenye bodi. Nimtumie mwenzangu Dar es Salaam, yeye ana vifaa. Ila usiweke moyo sana."

Niliuweka wote. Kamera ikapanda basi, nami nikarudi nyumbani Likombe kungoja simu. Simu ilipolia nilikuwa nachagua mchele wa harusi, na mikono yangu ikaendelea kuchagua huku nasikiliza. Wamejaribu, imekataa. Kutu imekata vijiguu vya kile kijidude kinachohifadhi video. Siku chache baadaye kamera ikarudi katika mfuko wa plastiki, vipande vipande, na skrubu zake zimefungwa kwenye karatasi.

Athumani alipoiona hivyo alilia kama mtoto. Nami nilimwambia nini? Nilimwambia ni chumvi ya bahari. Mungu anisamehe, sikuwa na ubavu wa kumwambia ni mafuta yake.

Asubuhi ya nikaha, Rehema amekwishapakwa hina, akanishika mkono. "Basi niambie wewe, mama. Alikuwa na sauti gani? Niigizie."

Nikafungua kinywa, mwanangu, na hapakuwa na kitu. Nilikumbuka kitone chekundu kilichokuwa kikiwakawaka pembeni mwa kioo. Nilikumbuka kidole changu, na hofu ya kutikisika. Nikamkumbuka mama mkwe, Mungu amrehemu, aliyekuwa amekaa nyuma yangu siku ile, akiniambia, "Weka chini hilo dude, mwanangu. Mumeo anamwadhinia mtoto, msikilize." Nami, kwa ujuvi wa ujana, nikamjibu, "Si nitamsikiliza humu baadaye, mama." Akaniuliza, "Baadaye ya nani?" Hayo yote nimeyakumbuka neno kwa neno, hata mguno wake. Sauti ya Saidi sikuikumbuka.

Nikamwambia Rehema, "Sijui." Akaniachia mkono polepole, akajifunika ushungi, na sheikh akaingia.

Watu wananipa pole, wanasema yameandikwa. Sawa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na mimi siku hizi sina la kujifariji. Nikiamka alfajiri muadhini akiita, huwa naitafuta sauti ya Saidi ndani ya ile ya muadhini, nione kama itanijia. Haiji.

Kwa hiyo, mwanangu, pokea nasaha ya mama aliyechelewa. Usiseme chombo kitakutunzia mtu wako. Chombo kinakufa, fundi wake anakufa, na anayekipenda anaweza kukimaliza kwa mapenzi yake. Ukitaka kurekodi, rekodi, sikukatazi, na ukimaliza itoe humo upesi uigawe kwa wengi. Lakini kwanza msikilize. Mzee wako akisema, weka simu chini, umtazame mdomo, uirudie sauti yake peke yako mpaka ikukae kooni. Na ukigawa vitu vya marehemu, muulize mjane kabla hujagawa. Yeye ndiye anayejua ndani mna nini.

Mwenyezi Mungu akuwekee uwapendao, akupe sikio la kuwasikia wangali wanasema, na siku mwanao atakapokuuliza sauti ya baba yake, uwe na la kumjibu. Amin.