Mfadhili Akae Nyuma ya Wafua Nguo

Mama Taa alikuwa na kanuni moja katika kazi yake ya filamu za maisha halisi: wa kwanza kuiona filamu ni walioonekana ndani yake, na aliyetoa pesa anafuata. Aliitamka kabla ya kupokea mchango wowote, ili mtu asije akadai kwamba hakuambiwa.

Jina la Mama Taa alilipata ujanani, alipokuwa akiwashikia taa wapiga picha za harusi. Baadaye akashika kamera mwenyewe. Filamu zake hazina ngumi wala mapenzi, kwa hiyo hazina mnunuzi. Huishi kwa michango ya walimu wastaafu, muuza vitabu, wauguzi wawili watatu. Wengi wao hutoa kidogo na hawaulizi tena. Hao ndio watoaji hasa. Anayetoa ili apate usukani hajatoa, amenunua.

Filamu ya wafua nguo wa hospitali ilihitaji zaidi ya michango hiyo. Kaka yake, karani wa bima anayejua kusema na wakubwa, akamtafutia mfadhili: mzee tajiri aliyekuwa pia mjumbe wa bodi ya hospitali ile ile. Mzee alitoa nusu, akaahidi nusu nyingine kazi ikikamilika. Ilipokamilika, akataka aletewe nyumbani aitazame kwanza.

"Mwoneshe, mdogo wangu," kaka alimsihi. "Atakunywa chai, atasinzia katikati, atasaini hundi."

"Akitaka kusinzia, aje asinzie na wenzake, wafuaji wakishaiona."

"Mkono mtupu haulambwi, wewe!"

"Basi usiulambe, kaka."

"Hiyo kanuni yako utaitia chumvi uile?"

Mzee naye alipoambiwa asubiri, alirudisha neno kupitia kwa kaka: nusu iliyobaki nayo isubiri.

Jumamosi mchana, Mama Taa alitundika shuka la hospitali kati ya mashine mbili za kufulia. Wanawake wakakaa juu ya marobota ya nguo chafu, wakaanza kuchambuana.

"Tazama kiuno hicho! Na kila siku unatuambia unakonda!"

"Ni kamera, shoga, inanenepesha."

"Basi kamera imekula sahani yako na yangu!"

Mle ndani mvuke wa dawa ni mkali, na kila mfuaji hujifunga kitambaa puani na mdomoni. Mama Taa alikuwa amemfuata kwa wiki nyingi mmoja wao, mcheshi wa sauti nzito, ambaye ndiye aliyeibeba filamu. Sasa pale kwenye shuka mcheshi huyo alikunja mikono ya nguo yake, na kovu la pasi likaonekana kwenye mkono wa kushoto.

"He!" mmoja akapiga kelele. "Huyu si wewe! Huyu ni mdogo wako!"

Kicheko kikakatika. Mama Taa akasimamisha picha, akamtazama mcheshi aliyekaa mbele yake. Mikono yake haikuwa na kovu.

Walikuwa dada wawili kwa kitambulisho kimoja. Mkubwa ndiye aliyeajiriwa. Mgongo ulipomkamata, mdogo alikuja kumshikia zamu, uso ukiwa nyuma ya kitambaa, na kicheko na sauti vilikuwa vile vile. Wenzao walijua, wakanyamaza. Mama Taa, aliyejisifu kuwa na jicho, alikuwa amepiga picha watu wawili akidhani ni mmoja. Lakini yule mzee wa bodi, aliyepita pale kila mwezi kukagua, na kumsalimu mkubwa kwa jina, asingedhani hivyo.

"Mama Taa," mkubwa alisema kwa sauti ndogo, "nani mwingine ameiona?"

"Hakuna. Ninyi ndio wa kwanza."

"Hata yule mzee?"

"Hata yeye."

Mwanamke akashusha pumzi ndefu, akajilaza chali juu ya robota, akaanza kucheka huku machozi yanamtiririka hadi masikioni. Ana watoto wanne na hakuna mwingine anayewalisha.

"Nitazitoa picha za mdogo wako," Mama Taa akasema. "Ila sitawafichia zaidi ya hapo. Jumatatu mwende kwa msimamizi mkaseme wenyewe."

"Tukifukuzwa je?"

"Anayejipeleka husikilizwa. Anayekokotwa hushtakiwa."

Alisema kweli. Kitambulisho si mwavuli wa kuazimana, na udanganyifu ule siutetei. Lakini kuna tofauti kati ya mtu kuungama na mtu kuanikwa ukutani na fedha za hisani. Jumatatu msimamizi alifoka mpaka miwani ikamtelezea puani. Alipokwisha, akamhamishia mkubwa meza ya kukunja mashuka, anakoweza kukaa, na mdogo akamwandika kibarua kwa jina lake mwenyewe. Siku hiyo dada wale walirudi nyumbani pamoja kupitia lango kubwa, jambo ambalo kwa miezi mingi hawakuthubutu.

Filamu ilioneshwa bila muziki, na bila vipande vyake bora, kwa kuwa mdogo ndiye aliyechekesha zaidi. Mzee hakutoa nusu iliyobaki. Mama Taa aliuza taa zake zote ili amlipe fundi wa sauti, na kaka yake hajakanyaga nyumbani kwake tangu siku hiyo.