Mama Alivyogombaniwa Mnadani

Picha niliyoipeleka mnadani ilikuwa ya mama yangu, amelala juu ya magunia ya njegere akisubiri lori la Dar. Nilimpiga picha kwa simu bila yeye kujua, nikarudi kwangu Bigwa nikamchora kwa rangi za mafuta. Sikumwambia, maana sikudhani ingefika popote. Lakini miaka hii wenye minada ya sanaa wanawatafuta sana wachoraji wa huku kwetu, hasa wanawake, na wanunuzi wengine hawafiki hata ukumbini. Wanapandisha bei kwa simu wakiwa makwao. Basi mnada mmoja wa Nairobi ukaichukua picha yangu.

Siku yenyewe nilipanda milimani Mgeta ili nikamwonyeshe mama mnada ukirushwa moja kwa moja. Nyumbani kwake mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo tulikaa upande wa juu wa shamba lake la kabichi, sisi wawili na mama jirani, shoga yake wa siku nyingi. Picha ikatokea kwenye simu.

Mama akasogeza uso. "Huyo si mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Nimelala."

"Ndiyo."

"Mdomo wazi."

Jirani akajifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika. Mama akaniuliza kama kweli nilikosa hata siku moja ya kumchora akiwa ameoga na kujitanda vizuri. Kabla sijajibu, dalali akaanza kunadi kwa Kiingereza cha mbio, nikawa natafsiri.

"Kuna mwanamume ukumbini anakutaka. Kuna mwingine yuko London, kwenye simu, amempita. Wa ukumbini hajakubali, amepandisha tena."

"Ana sura gani?"

"Haonekani, mama. Mkono wake tu ndio unaoonekana, una saa kubwa."

"Basi apewe huyo."

Nikamweleza kwamba haiendi hivyo. Bei ilikuwa imeshapita makadirio ya wenye mnada, na mimi nilikuwa nimeshika nyasi kwa mikono yote miwili.

"Marehemu mzee alinipata bila kushindana na mtu," mama akamwambia shoga yake. "Leo wananigombania wawili."

Hapo mtandao ukakata. Dalali akaganda na nyundo yake hewani. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka. Alikunja kanga, akainyakua simu na kupanda mlima mbio, nasi nyuma yake tukiruka matuta. Tulipofika juu, simu ikapata uhai, lakini ilikuwa inaonyesha picha nyingine kabisa, ya mbuzi.

"Wamenibadilisha," mama akasema, na jirani akakaa chini kwa kicheko.

Ujumbe ukaingia muda huohuo: picha imeuzwa, kwa yule wa London. Nilipousoma kwa sauti nilijikuta nimemkumbatia mama, tukazunguka hadi tukateleza na kuanguka wote wawili.

"Na yule wa saa?" akauliza, bado anahema.

"Ameshindwa."

"Masikini. Mpe pole."

Wakati wa kushuka tulikutana na kijana mmoja wa kijijini akipanda na mzigo wa karoti. Akamwamkia mama, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimenunuliwa Ulaya, umesikia?"

Alimsimulia yote, tangu njegere mpaka nyundo, kijana akiwa amesimama na mzigo begani. Kisha akamsimulia aliyefuata, na wa baada yake. Nilimwacha aseme. Kiza kilitukuta bado tuko njiani.