Ndovu Ana Kazi Gani?

Watu wakianza kubishana kama kazi za serikali zipewe watu binafsi, mimi hunyamaza. Niliwahi kupewa moja.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nina miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimejifundisha kupiga taipu kwa kitabu kilichokosa jalada, nikaweka mashine yangu kwenye baraza ya duka mjini Voi, ng'ambo ya barabara kutoka ofisi ya wanyamapori. Karatasi yenye kosa hata moja niliichana. Kuna siku nilichana nyingi kuliko nilizowapa watu.

Asubuhi moja ofisi iliishiwa na fomu za kuomba askari wa kufukuza ndovu mashambani. Karani alichungulia dirishani akaniita.

"Kijana, kuanzia leo fomu ni wewe. Nakili hii. Ndiyo ya mwisho, ukiipoteza sote twende nyumbani."

Nadhani aliyeitunga aliitoa kwenye fomu ya kushtaki watu. Iliuliza jina la mnyama, kazi yake, na kama amewahi kuonywa na chifu. Mwishoni ilitaka sahihi yake, au alama ya kidole gumba. Sikuweza kuvumilia. Nilitoa maswali hayo yote, nikapanga upya yaliyobaki, nikachora mistari kwa rula. Nilijiona nimeisaidia nchi.

Wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja wa Rukanga. Ndovu walikuwa wameingia kwenye mahindi yake siku mbili mfululizo, na mahindi yenyewe yalikuwa yamebakiza wiki moja tu yavunwe. Alikuja Voi juu ya lori la mchanga. Nikamjazia fomu, akavuka barabara nayo, akarudi nayo.

"Wamekataa. Mkubwa anasema hii ni safi mno, si ya serikali. Anauliza kazi ya ndovu iko wapi."

Nikaenda naye. Mkubwa wa ofisi, mtu mpole, alinitazama kwa huruma.

"Bwana mdogo, wewe ni nani wa kumwachisha ndovu kazi?"

"Lakini mzee, ndovu hana kazi."

"Basi andika hana. Lakini swali liwepo."

Fomu mpya yenye maswali yote ningeimaliza kwa nusu saa. Hapa ndipo naona haya. Ya kwanza niliichana kwa sababu herufi moja ilififia. Ya pili, kidole changu kilikuwa na wino. Ya tano sikumbuki ilinikosea nini. Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza.

"Mwanangu, hao ndovu hawasomi."

"Ngoja kidogo tu, mama."

Ofisi ikafungwa. Alilala kwa jamaa yake mjini, na asubuhi nikamkabidhi fomu isiyo na doa. Kazi: hana. Kuonywa: hapana. Sahihi: alikataa.

Askari walipofika Rukanga, walikuta nusu ya shamba imeliwa usiku ule ule mama aliolala mjini. Mama alikuja kuniambia mwenyewe, bila kupandisha sauti, nami nikatamani anitukane. Ofisi ilimchelewesha kwa kukosa karatasi. Mimi nilimchelewesha nikiwa nazo tele.

"Nusu iliyobaki wameirudia jana," alisema. "Piga nyingine. Upesi."

Nilipiga. Nilipofika chini nikaona nimeruka kutoka swali la sita hadi la nane. Mkono ukaenda kwenye karatasi wenyewe. Mama aliudaka, akachomoa fomu kwenye mashine kwa mkono wake mwingine, akavuka barabara. Nilimfuata mbio, nikiomba msamaha kwa kila niliyempita.

"Swali la saba liko wapi?" mkubwa aliuliza.

Karani hakuinua kichwa. "La saba huwa ni hapana, mzee."

Mkubwa akaandika "hapana" pembeni, akagonga muhuri. Kabla ya saa sita gari la askari lilikuwa limeshika barabara ya Kasigau kuelekea Rukanga, mama ameketi mbele, akimwonyesha dereva kwa kidole aongeze mwendo.