Kipande cha Fimbo Nilichokificha Begini

Treni ya kwanza kabisa ilikwama mita hamsini kabla ya mwisho wa reli.

Injini haikufa. Umeme haukukatika. Ilikwama kwa sababu haikuenea kupita.

Watu wote walishika vichwa, isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa naisubiri ikwame wiki tatu nzima, kipande cha mbao nimekificha begini.

Msinihukumu haraka. Ngojeni kwanza.

Mimi ni fundi mwashi. Walipojenga tawi jipya la reli, lile linalochepuka kutoka njia kuu na kuishia mtaani kwetu, nikapata kazi kwenye stesheni ya mwisho. Nilikuwa najenga jukwaa la abiria, pale mnaposimama kungoja treni.

Msimamizi wetu alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu wa tumbo moja. Kazini tulimwita Harakisha, maana hilo ndilo neno pekee alilolijua.

Nilimchukia. Sizunguki. Nilichukia mpaka kikohozi chake.

"We shemeji, unapanga mawe au unayabembeleza?" ananipigia kelele mbele ya kila mtu.

"Si uje upange wewe, mwenye mikono laini!"

"Ukichoka geti liko wazi. Nenda kalie kwa dada yako."

Watu wanacheka, mimi narudi kwenye mawe yangu.

Nilivumilia kwa sababu moja tu. Ujenzi ukiisha, shirika la reli lingebakiza fundi mmoja wa kudumu, wa kuitunza ile stesheni. Miaka kumi na minne mimi ni mtu wa vibarua, leo huku, kesho kule. Ile nafasi niliiwaza nikila, niliiwaza nikioga.

Sasa sikieni kosa lenyewe.

Umbali kati ya reli na ukingo wa jukwaa hauna utani. Ukizidi, abiria anatumbukia. Ukipungua, treni inagonga. Kwa hiyo injinia alitupa fimbo ya kipimo. Ncha moja unaigusisha kwenye reli, ncha ya pili inakuonyesha jiwe la ukingo likae wapi. Hakuna tepu, hakuna hesabu.

Mchana mmoja lori la kokoto likarudi nyuma, likaikanyaga ile fimbo. Ncha ikachanika vibaya.

Harakisha akaangalia huku, akaangalia kule. Akachukua msumeno, akakata palipochanika pakawa safi, kisha akairudisha kazini. Hivyo tu! Kupeleka taarifa kwa injinia kungemchelewesha siku mbili.

Hakujua kwamba niko nyuma ya mifuko ya saruji, namwona.

Alipoondoka nikakiokota kile kipande. Upana wa vidole vinne. Nikakitia begini.

"Shemeji," nikamwambia baadaye, namjaribu, "hii fimbo iko sawa kweli?"

"Macho yako ndiyo hayako sawa. Harakisha!"

Haya. Umeyataka mwenyewe.

Nikapanga mawe ya mita hamsini za mwisho kwa ile fimbo fupi. Niliyapanga vizuri ajabu, huku moyoni nacheka. Siku ya majaribio ataumbuka, mimi natoa kipande changu, yeye anafungasha virago.

Katikati ya wiki hizo dada akanipigia simu.

"Mdogo wangu, vumilianeni na shemeji yako. Kuna jambo lako nalifuatilia."

"Mwambie mumeo anivumilie yeye," nikasema, nikakata simu.

Siku ya majaribio ikafika. Asubuhi, jua kali, wageni wamejaa, dada yangu naye yumo na gauni lake jipya. Treni ikaingia polepole.

Ikaja vizuri, vizuri, halafu krrrrr! Ngazi ya behewa la mbele ikajikunja kwenye mawe yangu. Dereva akafunga breki.

Watu wakashika vichwa.

Injinia mkuu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akapima kwa tepu yake. Akainuka. "Vidole vinne vimepungua. Nani anaweza kunieleza?"

Nikajitokeza kifua mbele, nikakitoa kipande begini.

"Mimi mama. Fimbo ilivunjika, msimamizi akaikata kimyakimya. Ushahidi huu hapa!"

Harakisha akageuka rangi. Nawaambieni ukweli, niliona raha.

Mama akakigeuzageuza kile kipande.

"Unacho tangu lini?"

"Wiki tatu, mama."

"Na ndani ya hizo wiki tatu, mawe haya yalikuwa yanapangwa na nani?"

Nikayatazama mawe yangu.

Akafungua jalada, akatoa karatasi, akasoma kwa sauti: "Napendekeza fundi huyu apewe nafasi ya kudumu stesheni. Ukingo wote wa jukwaa ameujenga yeye." Chini kulikuwa na sahihi ya Harakisha. Fundi mwenyewe ni mimi.

"Barua ya ajira ilikuwa itoke leo," akasema. Akaichana ile karatasi mara mbili. "Nyote wawili, nje."

Getini shemeji akanigeukia, macho mekundu.

"Usidhani nilikupenda. Mimi nisingekupa hata beleshi! Dada yako alinililia miezi miwili, ndiyo nikaandika."

Dada alikuwa nyuma yetu. Hakupiga kelele.

"Mume hana kazi, ndugu hana kazi," akasema. "Mmeridhika?"

Akatuacha pale pale, kila mtu na njia yake.

Leo treni zinaingia mpaka mwisho. Mawe yangu yalibomolewa yakapangwa upya. Fundi wa stesheni ni kijana mmoja mpole, funguo kiunoni, ananisalimia kila asubuhi nikipita kwenda kutafuta kibarua. Namwitikia kwa shida.

Ndugu zangu, ukimwona adui yako anaharibu kazi ambayo na wewe umeishika, sema. Mtukane ukitaka, lakini sema siku ile ile.

Shemeji yangu bado simpendi, na msinishauri tupatane. Lakini ile fimbo aliikata yeye mara moja tu. Mawe niliyapanga mimi, moja moja, wiki tatu, huku najua.