Laptop Moja, Skrini Mbili

Jumamosi nilikuwa Korogwe, kwenye kikundi cha watumiaji wa Linux, ile programu ya bure inayoendesha kompyuta. Nilikuta kinavunjika. Linux ina mionekano mingi ya skrini. Wenzetu wa Handeni walitaka darasa la kikundi lifundishwe ule wenye menyu chini, wa Korogwe wakang'ang'ania wa menyu juu.

"Bakini na yenu," alisema jamaa wa Handeni, begi tayari begani. "Tunaanzisha kikundi chetu."

Mwalimu mmoja, mama wa Mkumbara, akaigeuza laptop yake tuione.

"Hii ni yetu, mimi na mume wangu. Akiwasha yeye anachagua menyu chini, mimi nachagua juu. Mafaili ni yaleyale."

"Na hamgombani, mwalimu?" aliuliza jamaa wa Handeni.

"Tunagombana sana. Tunagombania chaja."

Jamaa alicheka mpaka begi likateleza, akaliacha hapohapo chini. Wakakubaliana kila kompyuta ya darasa iwekwe mionekano yote miwili.

Nikashusha pumzi. Huku kwetu kuna nyumba ambamo pilau ya Idi na ya Krismasi hupikwa kwenye sufuria moja. Tungeanzia wapi kueleza kwamba tumetengana kwa sababu ya mahali pa kubofya?