Unga Ndani ya Rejeta

Kitu cha kwanza kilichonifikia ni harufu ya uji. Uji wa muhogo, ule mzito. Nikajiuliza nani anapika uji saa nane mchana kando ya barabara. Ndipo nikaona nimelala chali kwenye changarawe, na upande wa kulia wa uso, shingo na kifua vinawaka. Nilikuwa nimefungua mfuniko wa rejeta ya lori langu, na kilichoruka humo hakikuwa maji. Maji ya moto yakikumwagikia hutiririka yakaenda zake. Kile kiliganda. Nilijaribu kukifuta kwa kiganja, kikatoka na ngozi.

Mama mmoja aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya barabara alikuja na dumu lake la maji ya kunywa, akanimwagia lote, kisha akasimama katikati ya njia mpaka gari la kwanza likasimama. Wabeja, mama. Nilimshukuru kwa Kisukuma siku ile na ninamshukuru hata leo. Jicho la kulia halikuokoka.

Sasa nirudi nyuma, maana watu wengi huijua hadithi hii kuanzia pale nilipoungua, na wanaijua vibaya.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa dereva wa tajiri mmoja wa Kahama, mfanyabiashara wa Kihindi, mtu wa maneno machache. Lori lilikuwa la zamani, lenye pua ndefu, limezeeka kabla mimi sijapata leseni. Tulibeba miti kutoka Ushetu kupeleka Geita, ambako wachimbaji waliitumia kuzuia kuta za maduara, yale mashimo yao, zisiwafukie. Mimi niliishia darasa la nne, lakini lori lile nililisoma lote.

Na lori kuukuu ugonjwa wake ni joto. Wengi walikuwa wakichota maji popote, hata kwenye lambo la ng'ombe, wakamimina na tope lake. Ukifungua rejeta zao unakuta udongo umejaa kama kichuguu. Mimi nilitega pipa chini ya bati la nyumba yangu, na masika yote nilikinga maji ya mvua kwa ajili ya gari. Mke wangu alikuwa akinisema mbele ya majirani.

"Mwenzangu ana wake wawili," anasema. "Yule wa chuma anakunywa maji ya mvua. Mimi wa nyama nakwenda kisimani."

"Wewe huchemki," nikamwambia.

"Subiri."

Walicheka mpaka wakaketi chini. Nilikuwa na furaha miaka ile, sitadanganya.

Kila Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi, nafungua mfuniko na kutazama rangi ya maji. Nabonyeza mpira wa juu na wa chini kusikia kama umelegea. Mkanda wa feni nausukuma kwa kidole gumba, ukibonyea sana nakaza. Kisha napuliza rejeta kutoka upande wa feni kwenda mbele, panzi na mbegu za nyasi vinatoka vilikoingilia. Mara moja kila kiangazi nilikuwa nayeyusha magadi ya sokoni, nayatia, natembeza gari mpaka Ushirombo na kurudi, halafu namwaga. Yanatoka maji mekundu ya kutu, na baada ya hapo unapanda kilima na mzigo mzima, mshale wa joto umetulia katikati. Hakuna raha kama ile. Wenzangu wamesimama wamefunua maboneti, mimi napita nawapungia mkono.

"Mganga wa rejeta," wananiita. Nilipenda jina hilo.

Rejeta yenyewe ilikuja kuanza kuvuja chini, tone moja moja. Nikamwambia tajiri, tajiri akamwambia fundi mkuu wa yadi aifungue, ipelekwe Shinyanga mjini ikachomelewe. Nilisikia kwa masikio yangu. Siku hiyohiyo nikapata habari ya msiba kwetu, nikaenda kuzika. Nilikaa siku tatu.

Niliporudi yadi, lori limeshapakiwa na injini inanguruma. Fundi mkuu ameegemea mlango. Jina lake silitaji kwa sababu watoto wake hawajanikosea. Ila wote waliofanya kazi yadi ile wanamjua, mwenye jino la dhahabu, aliyekuwa akivaa ovaroli ya bluu ambayo haijawahi kuona grisi.

"Shikamoo, fundi. Rejeta imechomelewa?"

"Marahaba. Imepona. Haitoki hata jasho. Nenda, wachimbaji wanakungoja."

"Nizime kwanza nitazame maji."

"Usizime, betri imekufa, tumelisukuma watu wanane. Unataka tusukume tena? Pole na msiba, lakini usituletee mwingine."

Watu wakacheka. Nami nikapanda. Hilo ndilo kosa langu, na nimelibeba.

Kwenye kilima cha mwisho kabla ya Geita mshale ukapanda ghafla. Nikasimama, nikazima, nikatia jiwe nyuma ya gurudumu, nikangoja saa nzima. Kisha nikafanya kama nilivyofanya siku zote: nikashika mpira wa juu. Baridi. Nikashika kichwa cha rejeta. Baridi. Nikalegeza mfuniko kidogo kwa tambara, hakuna mvuke wala sauti. Dereva yeyote mwenye akili angefungua. Nikafungua.

Nililala hospitali ya misheni miezi miwili. Mama aliyekuwa akiuza uji kwenye geti la yadi alikuja kunitazama, akakaa kwenye ncha ya kitanda, akakunjakunja kanga yake.

"Baba, yule fundi alikuja kwangu siku ile kabla hujarudi. Akachukua unga wa muhogo, mfuko mzima."

"Wa nini?"

"Nilidhani wa chakula. Nikamuuliza, leo mnapika? Akasema, gari ndilo linaumwa tumbo."

Basi nikaelewa. Mafundi wetu wote wanajua ujanja huo: rejeta ikivuja tundu dogo, unatia unga kiasi cha kiganja, unaiva humo na kuziba. Kiganja kimoja kinakufikisha nyumbani. Yeye alitia mfuko. Ukawa uji, ukakwama njiani kati ya injini na rejeta, kwa hiyo rejeta ikapoa na injini ikaendelea kuchemka nyuma ya donge lile. Nilipofungua mfuniko, donge likaachia.

Kwa tajiri, fundi alisema nilifungua rejeta ya moto kama mlevi. Tajiri akamwamini, akaandika dereva mwingine. Mimi, mganga wa rejeta, nikawa mfano wa kuwaonya madereva wapya.

Sasa naishi vizuri. Nina gereji ndogo ya rejeta tu, nachomelea, nasafisha, naletewa kazi hata kutoka Chato. Jicho moja linatosha kuona tundu. Mke wangu bado ananitania. Sina njaa, na makovu nimeyazoea.

Lakini wewe, mwenye jino la dhahabu, bado uko Kahama, na bado unaisimulia hadithi ile kwa namna yako. Kutia unga nakusamehe, hata mimi nimewahi kutia. Ninachotaka unijibu ni injini. Betri ile niliiacha nzima wiki ile, na waliokwenda kulivuta lori kutoka kilimani waliliwasha kwa ufunguo, mara moja. Watu wanane waliosukuma ni akina nani? Uliwasha gari mapema ili lisipoe, nisifungue mfuniko nikaona maji meupe? Njoo uliseme mbele ya tajiri na mbele ya madereva uliowafundisha kunicheka. Tajiri amezeeka lakini yuko hai, na mimi niko hapa.